Mwanga Uliobaki Chumbani kwa Mateaki

Asubuhi ile nilikuwa nje ya jiko, namenya mihogo. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, jua limetoka, nguruwe wetu wamenizunguka wakisubiri maganda. Mume wangu Mateaki tulikuwa tumemzika kabla ya ibada ya sadaka ya mwaka. Mimi nilikuwa bado katika nguo nyeusi, na kiunoni nimefunga mkeka wa msiba, ule mkubwa uliochakaa, kama inavyompasa mjane. Hakuna ndege aliyelia vibaya, wala sikuota ndoto. Ilikuwa siku kama siku nyingine, na nilimshukuru Mungu kwa hiyo.

Binti yetu Sela alikuwa ndani anasuka mikeka. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Mama, hukuzima taa ya chumbani kwa baba."

"Nimezima tangu siku ile."

"Basi njoo uione."

Chumba kile hatukukitumia tena. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mikeka tangu maiti ilipotoka, kwa hiyo hata mchana kulikuwa giza mle kama ndani ya kasha. Nikafungua mlango. Juu, katikati ya dari, balbu ilikuwa inatoa mwanga. Si mwanga wa kusomea. Ulikuwa kama maziwa yaliyozidishiwa maji. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka sawasawa. Nikabonyeza tena, ikazimika. Lakini haikuzimika yote. Ule weupe mdogo ulibaki mle ndani, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

Balbu hizo zililetwa na mradi, umeme wa mashine ya kijiji ulipofikishwa upande wetu wa kisiwa. Zilikuwa zile zisizokula umeme, zilizojisokota kama mkia wa nguruwe. Mateaki alikuwa amekaa New Zealand msimu mmoja akichuma matufaa, na tangu arudi hakuna kazi aliyokubali kufanyiwa. Nyaya za nyumba alizifunga mwenyewe. Mtaro wa waya kutoka kwenye nguzo aliuchimba mwenyewe pia, na ili asipoteze waya mwingi aliupitisha pembeni mwa makaburi ya ukoo, kwenye ile safu ya mikadi ambayo wanawake hukata majani ya kusukia. Hapakuwa na kaburi pale. Palikuwa mchanga mtupu.

Mwanga ule aliuona yeye kwanza. Nilipomuuliza alicheka. "Huo ni umeme unakoroma, mke wangu. Hata wewe unakoroma, na mimi sijaita fundi."

Muda si mrefu mkono wake wa kushoto ukaanza kuuma. Alisema ni kama kuna uzi unavutwa katikati ya mifupa miwili, polepole, kutoka kifundo kwenda kwenye kiwiko. Ukapanda begani. Ukafika kifuani. Akafa katika chumba kile, ameushika mkono huo kwa mkono wa pili. Daktari wa kisiwa kikubwa alisema ni moyo. Sikubishana naye. Moyo ni wa Mungu kwanza, kisha wa daktari.

Nilifunga mlango. Sela alikuwa bado amesimama nyuma yangu.

"Mama," akanong'ona, "nilikuwa sitaki kukuongezea huzuni."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havikunyooka.

"Ni kama uzi," akasema.

Siku hiyohiyo alikuja wifi yangu, Kalolaine, dada mkubwa wa Mateaki. Wenye asili ya kwetu wanajua cheo cha shangazi. Sahani ya kwanza ni yake, mkeka mzuri kuliko yote ni wake, na watoto wa kaka yake hawasimami yeye akiwa ameketi chini. Kwenye msiba ni yeye aliyeketi kichwani pa maiti. Ni yeye aliyenikata nywele. Hakuwahi kuolewa. Wazee walisema katika ujana wake aliugua kifua, na baba yao akamfungia ndani msimu mzima asiambukize watu. Mimi nilimkuta mwanamke mkavu, mwenye maneno machache na makali.

"Umenenepa, Lesieli," aliniambia mlangoni. "Huzuni yako ina chumvi nzuri."

"Karibu, wifi. Ni mihogo ya watu wanaotuhurumia."

"Wanaendelea kukuhurumia? Mimi walinichoka siku ya nne."

Nikamweleza habari ya mkono wa Sela. Uso wake ukabadilika. Akainuka, akaenda hadi kwenye mlango wa chumba. Ndani hakuingia. Dada haingii anapolala kaka yake, na kifo hakiondoi mwiko huo. Alisimama kizingitini, akainua macho, akaiona balbu.

Kisha akasema kwa sauti ambayo nusura nisiisikie, "Kuna mtu amechomwa mfupa."

Kwetu, kiungo cha mtu aliye hai kikiuma na daktari asione kitu, wazee husema mzizi umeingia kwenye mifupa ya marehemu wake. Huenda wakafungua kaburi, wakatoa mzizi, wakapaka mifupa mafuta ya nazi na kufukia tena. Mchungaji huhubiri dhidi ya jambo hilo kila mwaka. Lakini mchungaji huyohuyo jino lilipomtesa, tulimwona na jembe kwenye kaburi la mama yake.

"Mateaki hata nyama haijamtoka," nilisema. "Mzizi gani umfikie? Mume wangu anangoja parapanda, wifi. Sifungui kaburi lake."

"Nani amemtaja Mateaki?"

"Basi nani?"

Akakaza mkeka wake kiunoni. "Mkono ni wa mwanao," alisema. "Mimi nimeshasema." Akaondoka bila kumalizia chai, naye hakuwahi kuacha chai.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nakumbuka.

Nilikumbuka siku Mateaki alipokuwa akichimba ule mtaro. Kalolaine alisimama kwenye mikadi tangu asubuhi. Hakukata majani. Hakuketi, hakula. Alimtazama kaka yake akichimba, midomo yake inachezacheza bila sauti. Na nilikumbuka jioni moja baadaye, mtaro umeshafukiwa, nilipomkuta amechuchumaa palepale, anamwaga kitu kutoka kwenye chupa ndogo, tone baada ya tone, juu ya mchanga.

"Wifi, umepoteza nini?" nilimuuliza.

"Usingizi," alijibu, akaificha chupa ndani ya mkeka wake.

Ni baada ya jioni hiyo mkono wa Mateaki ulianza kuuma.

Sikutaka kulifikiri lile nililolifikiri. Niliomba liondoke. Halikuondoka. Mwanamke asiye na mume wala mtoto, anamtazama kaka yake anajenga, anawekewa umeme, ana binti anayesuka vizuri kuliko wote kijijini. Chuki huanza kwa kitu kidogo. Na nani mwenye nguvu ya kulaani kama dada? Hata Biblia haikuhitaji kunieleza hilo, kwa maana nimezaliwa hapa. Nilipata hakika kwamba pale kwenye mikadi kuna kitu Kalolaine alikizika, na kwamba kilikuwa kimekwisha kumla mume wangu na sasa kinamla mwanangu.

Kwanza nilimwita fundi. Nilitaka kumtendea haki.

Hola ni mtoto wa marehemu dada yangu. Anafanya kazi ya umeme kisiwa kikubwa, akaja na boti ya mizigo. Ni kijana wa maneno mengi, ila mbele yangu huyapunguza.

"Mama mkubwa, hii nchi nzima inalia mapepo kwa sababu ya balbu hizi," alisema huku akifungua swichi kwa bisibisi. "Kuna mama mmoja aliileta kwangu imefungwa kwenye taulo, kama mtoto wa kubatizwa."

"Fanya kazi, Hola."

Alikuwa na kidude kama kalamu. Ukikisogeza karibu na waya wenye umeme kinawaka nyekundu na kulia, hata usipougusa. Akakipitisha ukutani, akatikisa kichwa, akaanza kucheka.

"Nani alifunga hii?"

"Baba yako mkubwa."

Kicheko kikamkauka. "Mungu amweke pema. Lakini alikata waya usio wake. Swichi inatakiwa ikate waya unaoleta umeme. Yeye ameifunga kwenye waya unaorudisha. Unazima, taa inazimika, lakini umeme bado umekaa juu pale kwenye kitako. Unavuja kidogo kidogo, na balbu hizi hazihitaji mwingi. Ndiyo mwanga wako huo." Akanitazama. "Ungepanda kubadilisha balbu ukidhani umezima, tungekuwa na misiba miwili."

Akabadilisha nyaya, akafunga swichi, akabonyeza. Giza. Giza safi, kamili, la kawaida. Niliketi kwenye kitanda cha mume wangu nikalia kwa furaha. Sela naye akasema mkono una nafuu. Ni mtoto mwema. Alisema hivyo kwa sababu aliniona nimefurahi.

Siku ya ibada Kalolaine alinipita kwenye mlango wa kanisa. Hakusimama.

"Umefumba jicho," alininong'oneza. "Mwiba haujatoka."

Nilijiuliza nani alimwambia. Sikuwa nimemweleza mtu habari ya fundi.

Kabla Hola hajapata boti ya kurudi, tukatangaziwa kimbunga. Tulipigilia mbao kwenye madirisha yote, tukafunga bati kwa kamba, tukaingiza kuku ndani. Upepo ulikuja na ukapita. Nyumba yetu Mungu aliihurumia. Lakini bahari iliingia kwenye banda la mashine ya umeme, na kisiwa kizima kikazimika. Redio ya boti haikujibu. Uwanja wa ndege ulikuwa ziwa.

Ikapambazuka Jumapili. Ndani bado giza kwa sababu ya mbao. Sela alikuwa amelala sebuleni, na mkono wake ulikuwa baridi hadi begani. Baridi kama samaki. Midomo ilikuwa imempauka.

"Mama, imefika hapa," alisema, akagusa kifua. "Kama baba."

Hakukuwa na boti. Hakukuwa na daktari. Nilimpaka mafuta, nikaomba. Nilipoinua kichwa nilimwona Hola ametulia, anatazama sakafuni.

Chini ya mlango wa chumba cha Mateaki kulikuwa na mstari wa mwanga.

"Jua hilo," nilisema.

"Madirisha nimeyapigilia mimi," Hola akanong'ona.

Tukaingia. Balbu ilikuwa inatoa mwanga. Ule ule, wa maziwa na maji. Hola akatoa kalamu yake, akaipitisha kwenye swichi. Kimya. Kwenye ukuta. Kimya. Akapanda kwenye kiti, akaizungusha balbu, akaitoa kwenye kitako chake.

Ikaendelea kutoa mwanga mkononi mwake.

"Huwa unabaki umeme kidogo ndani," alisema. Sauti yake haikuwa ya fundi tena. "Utakwisha."

Akaiweka juu ya mkeka, karibu na Sela. Tukasubiri. Tuliimba wimbo mmoja, beti zote. Haukwisha. Kisha niliona jambo ambalo sikumwambia Hola, na baadaye akaniambia naye aliliona. Mkono wa Sela ulipotetemeka, mwanga ulitetemeka. Ulipotulia, ukatulia.

Nikasimama, nikachukua jembe na chupa ya mafuta ya taa.

"Mama mkubwa, leo Jumapili," Hola alisema. Kwetu Jumapili mtu hapasui hata kuni.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, Bwana alisema atolewe. Huyu ni mwanangu. Chukua koleo."

Tulipita nyuma ya nyumba. Wengine walikuwa kanisani, tulisikia wakiimba kwa mbali, paa la kanisa likiwa limeezuliwa na kimbunga. Kwenye mikadi, mti mmoja upepo ulikuwa umeung'oa, mizizi juu, na chini yake waya wa Mateaki ulionekana kama mshipa. Nilijua ninachotafuta. Kifurushi. Nywele, au kipande cha nguo ya mume wangu, au meno ya mnyama. Ningekimwagia mafuta ya taa na kukichoma kwa jina la Yesu, kisha ningemwita Kalolaine aje aone majivu.

Hola alichimba kwa kufuata waya. Mchanga ulikuwa laini. Koleo likagusa kitu chepesi.

"Acha," nilisema. "Kwa mikono."

Kilikuwa kitambaa cha magome ya mti, cheusi kwa kuoza. Kikasambaratika nilipokishika. Ndani yake kulikuwa na mifupa. Nilidhani ya ndege. Kisha nikaona kichwa, kidogo kuliko chungwa.

Hola akarudi nyuma.

Mifupa ya mkono ilikuwa myembamba kama njiti za jani la mnazi. Miwili, sambamba. Mkono wa kushoto. Na waya wa Mateaki ulikuwa umepita katikati yake. Katikati kabisa. Kama uzi kwenye tundu la sindano.

Nimeosha maiti nyingi. Najua mifupa ya mtoto mchanga haina kinachoishikilia. Mchanga huitawanya. Vidole hasa, hupotea. Lakini vidole vile vilikuwepo. Vilikuwa vimejikunja. Vilikuwa vimeushika waya.

Mfukoni mwa Hola kalamu ikaanza kulia.

Akaitoa. Ilikuwa nyekundu. Kisiwa kizima hakikuwa na umeme. Akaizima. Ikaendelea kulia.

"Msivute."

Kalolaine alikuwa nyuma yetu. Sikumsikia akija. Alikuwa na nguo za kanisani na viatu mkononi, na miguu yake ilikuwa imejaa matope hadi magotini, kama mtu aliyetoka mbio katikati ya wimbo.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyaandaa tangu usiku ule nisiolala. Lakini alipiga magoti. Mwanamke ambaye mimi humwinamia alipiga magoti mchangani mbele yangu, na maneno yangu yote yakanipotea.

"Hola, geuka," alisema.

Hola akageuka. Kalamu ikanyamaza yenyewe.

"Alilia mara moja tu," Kalolaine alinong'ona. "Baba akamchukua. Waliniambia hakulia, lakini nilimsikia. Nilimwona baba dirishani, na jembe. Mateaki alikuwa bado shule kisiwa kikubwa."

"Kifua ulichougua," nilisema.

"Kifua."

"Na siku ile ya mtaro ulikuwa umesimama hapa. Kwa nini hukumwambia asichimbe?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuruka angani. "Ningemwambia kwa mdomo upi? Yule ni kaka yangu."

Kaka na dada kwetu hawatazami picha ya sinema pamoja ikiwa ndani yake mtu anambusu mtu. Habari ya tumbo la dada haitajwi mbele ya kaka hata kwa fumbo, hata nyumba ikiungua. Angefungua mdomo, angemvunjia heshima yeye, baba yao, na jina lote. Akasimama asubuhi nzima, akimwomba Mungu alete mvua jembe lisimame. Mvua haikuja. Akaona jembe linapita. Akaona waya unalazwa. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kuja jioni na mafuta ya nazi na kuyamwaga juu, labda yatashuka hadi kwenye mifupa.

"Uliponiona na chupa ulidhani nini?" aliuliza.

Nikaisukuma nyuma yangu ile chupa ya mafuta ya taa, lakini alikwisha kujua.

"Nilijua unanishuku," alisema. "Niliona afadhali unidhanie mchawi."

Hola, uso ukiwa bado upande mwingine, alimpa koleo la kukatia nyaya kupitia nyuma ya mgongo wake. Kalolaine alikata waya upande huu na upande ule. Kisha akaanza kuvifungua vile vidole. Alitumia ukucha. Kimoja, akangoja. Kingine, akangoja. Alikuwa ananong'ona kitu ambacho mama yeyote anakijua, kile unachomwambia mtoto aliyeshika kisu. Kidole cha mwisho kilipoachia, alivuta waya taratibu sana, na kutoka nyumbani nilisikia Sela anavuta pumzi ndefu. Mimi nilikuwa mbali na nyumba. Mbao zilikuwa madirishani. Lakini niliisikia.

Aliipaka mifupa mafuta. Alivua mkeka wake kiunoni, mkeka wa heshima yake, akaifunga ndani.

"Jina lake nani?" niliuliza.

"Hawakunipa nafasi ya kumpa." Akainamisha kichwa. "Lesieli, naomba nafasi miguuni pa kaka yangu. Sasa hawezi kuona aibu."

Hivyo nikalifungua kaburi la Mateaki, mimi niliyeapa silifungui, upande wa miguu tu, Jumapili, huku kanisani wakiimba. Tukamweka. Nikasali sala niliyoijua. Tukarudisha juu vijiwe vyeusi tunavyopambia makaburi, kimoja kimoja.

Tulipoingia nyumbani Sela alikuwa ameketi, ananywa maji. Amekishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Na juu ya mkeka balbu ilikuwa imezimika, nyeupe na baridi, kama balbu yoyote.

Baadaye umeme ulirudi. Hola aliupitisha waya njia nyingine, mbali na makaburi, akafunga balbu mpya. Ukizima, inazimika. Ile ya zamani alitaka kuitupa baharini, lakini Kalolaine aliiomba.

"Shangazi, hiyo imekufa," Hola alimwambia. "Na nyumbani kwako hata waya hakuna."

Ni kweli. Mradi ulipokuja alikataa kuwekewa umeme. Anatumia taa ya mafuta mpaka leo.

"Kufa nakujua," alimjibu, akaifunga kwenye leso.

Sela alipona. Anasuka tena, na mikeka yake inatafutwa. Mkeka wa kwanza wa kila msimu tunampelekea shangazi yake, kama inavyompasa, na mara nyingi mimi ndiye ninayeupeleka. Mara ya kwanza ilikuwa mchana. Nilikuta madirisha amefunga yote. Ile balbu ilikuwa imening'inizwa kwa uzi wa kushonea kutoka kwenye boriti, chini kabisa, karibu iguse mkeka wa sakafuni. Haikuunganishwa na kitu chochote.

Ilikuwa inatoa mwanga.

"Wifi," nilisema.

"Punguza sauti," Kalolaine alininong'oneza. "Anaogopa giza."

Nikaweka mkeka chini, nikaondoka. Nilimwombea usiku ule, na ninamwombea hata sasa. Sikumwambia mchungaji.

Krismasi nilipokwenda tena, uzi ulikuwa umefupishwa. Balbu imefika usawa wa goti langu. Nilijiambia kwamba ameipandisha apate kufagia. Nilikaa, tukanywa chai, hatukuitazama.

Wiki iliyopita nimempelekea mkeka mwingine. Mikono yake sasa inatetemeka, na safari hii alinipokea vizuri, akanitania kuhusu magoti yangu. Ndani kulikuwa giza vilevile. Balbu ilikuwa imefika kiunoni. Mara hii nilishindwa kunyamaza.

"Wifi, mbona unaipandisha?"

Alinitazama kwa mshangao, jinsi unavyomtazama mtu mzima anayeuliza jambo la mtoto.

"Akisimama," alisema, "inamgonga kichwa."

Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Balbu ilikuwa inayumba.